Sauti Iliyoajiriwa (Sehemu ya Tisa): Foleni ya Kijiti

Tulimwacha Kinanda mdomo wazi. Hedifoni kichwani, mteja sikioni, na kooni hamna kitu.

Hata mkwaruzo haukutoka. Pumzi ilitoka, sauti ikabaki.

"Halo?" mteja akafoka. Alikuwa mzee mwenye hasira, maji yamekatika kwake tangu juzi. "Halo! Mmenipa mtu au mmenipa ukuta?"

Kwa msomaji aliyeingia leo: Kinanda ndiye sauti ya kampuni. Kazi ya kampuni hiyo ni kupokea malalamiko ya watu kwa niaba ya kampuni nyingine, za maji, za bima, za mabasi. Ukipiga namba yao, kabla hujapata mtu wa kumgombeza, unamsikia Kinanda aliyerekodiwa: "Karibu. Tunakusikiliza. Tunakujali." Sauti ya asali. Kazini wameshalisahau jina lake la kuzaliwa.

Na mezani pake, sasa hivi, taa ndogo ya kijani ilikuwa inawaka. Maana yake msimamizi wao, mwanamume wanayemwita Masikio, alikuwa amejiunga na simu kimyakimya na anasikiliza kila kitu.

Kinanda alikohoa. Akameza mate. Akajaribu tena. Wapi!

Ndipo mkono ukapita mbele ya pua yake, ukachomoa waya wa hedifoni yake na kuchomeka mwingine. Ulikuwa mkono wa jirani yake wa meza, Mama Vicheko, mwanamke anayecheka hata msibani.

"Karibu mzee wangu," Mama Vicheko akasema, akijibana pua ili awe mtamu. "Tunakusikiliza. Tunakujali."

"Wewe siye!" mzee akamaka. "Yule wa kwanza ana sauti ya kubembeleza. Wewe una mafua."

"Ni mimi yuleyule, mzee. Leo nimelala vibaya."

"Basi nenda kalale vizuri! Na maji yangu?"

"Yanakuja mzee, yako njiani, yanatembea kwa miguu."

Mzee akacheka bila kupenda, akakata. Mama Vicheko akauma kiganja asiangue kicheko. Lakini Kinanda hakucheka. Alikuwa anaitazama ile taa ya kijani. Ilizimika, na upande wa pili wa ukumbi Masikio akainuka kitini, akaja taratibu, mkono mmoja umeshika tumbo kama kawaida yake.

"Bi Mkubwa anakuita," akasema. "Sasa hivi. Beba kijiti."

Hapa nieleze kijiti. Ukumbini mle, mlangoni, pana msumari, na kwenye msumari pananing'inia kijiti chekundu, kirefu kama mwiko. Hakuna anayeinuka kitini bila kijiti. Unakwenda chooni, kijiti. Umeitwa, kijiti. Kipo kimoja tu, kwa hiyo akitoka mmoja wengine wote wanabana. Bi Mkubwa alikileta mwaka aliopewa umeneja, na tangu hapo wafanyakazi wake walijifunza jambo moja: ukitaka amani, usinywe maji.

Kinanda alikichukua kijiti, akapanda ngazi kama mtu anayepeleka shingo yake mwenyewe.

*

Bi Mkubwa hakumfukuza. Alimkumbatia!

"Keti, mwanangu, keti! Una bahati kama ya mtende." Meneja alikuwa anang'aa uso mzima. "Kuna mteja mpya. Mkubwa. Hospitali zote za binafsi za mji huu, simu zao zote zinakuja kwetu. Unajua nini kimemvuta? Wewe! Alipiga simu, akasikia 'Tunakujali', akasema huyo huyo namtaka. Kesho asubuhi anakuja na fundi wake, unarekodi salamu mpya, tunatia saini. Na wewe kuanzia mwezi ujao ni msimamizi msaidizi. Unasemaje?"

Kinanda hakusema.

"Umeduwaa kwa furaha!" Bi Mkubwa akapiga makofi. "Hicho ndicho ninachokipenda kwako. Wengine hapa ukiwapa kidole wanataka mkono. Siku hizi watu hawana uaminifu na kazi, leo kichwa, kesho mgongo, keshokutwa wamehamia kwa jirani. Lakini wewe! Ulikuja na homa. Ulikuja na mtoto ana surua. Wewe ni wa hapa."

Ilikuwa kweli. Mwaka jana kampuni ya ng'ambo ya barabara ilimtaka, akakataa. Picha yake ya mfanyakazi bora ilikuwa nyuma ya kiti cha Bi Mkubwa, kwenye fremu, ikitabasamu kuliko yeye.

Kinanda aligusa koo. Akatikisa kichwa. Akaonyesha mlango, akaonyesha mdomo.

"Kiu? Kunywa tu, mwanangu, kijiti si unacho?"

Masikio alikuwa amesimama pembeni. Alikuwa amesikia ile simu mwanzo hadi mwisho. Neno lake moja lingetosha.

Alitazama viatu vyake.

*

Mama Vicheko ndiye aliyemburuta kwa daktari jioni ile ile, baada ya zamu. "Usinikodolee macho. Huna sauti ya kunibishia, leo ni sikukuu yangu."

Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye haraka na mikono baridi. Alimwingizia kioo kidogo kooni, akatazama, akatazama tena, kisha akavua glavu zake bila haraka yoyote. Hiyo ndiyo iliyomtisha Kinanda. Daktari mwenye haraka akiacha haraka, kuna jambo.

"Una vinundu kwenye nyuzi za sauti," akasema. "Pande zote mbili, na upande mmoja umevimba kama utapasuka. Unafanya kazi gani?"

"Simu," Mama Vicheko akajibu. "Kutwa nzima."

"Koo likiuma unafanya nini?"

"Tunanong'ona. Sote. Kantini kwetu ungedhani ni msikitini."

"Ndiyo mnajimaliza!" daktari akagonga meza. "Kunong'ona kunalikaba koo kuliko kuongea. Na maji? Anakunywa kiasi gani?"

Wawili wale wakatazamana.

"Kuna kijiti," Mama Vicheko akaanza. Akaeleza. Alianza akicheka, kama anavyoeleza kila kitu, lakini daktari hakucheka, na kadiri alivyoendelea kicheko kikapungua, kikawa kikohozi, kikaisha. Ilikuwa mara ya kwanza Kinanda kumwona shoga yake na uso mkavu.

"Watu wazima," daktari akasema polepole, "mnajinyima maji kwa sababu ya kijiti."

"Ukilisema hivyo, daktari, linasikika vibaya."

"Nilisemeje?" Akaandika cheti cha mapumziko, akamgeukia Kinanda. "Sikiliza wewe. Kimya. Si kunong'ona, kimya. Mpaka nikuone tena. Ukipaza sauti hata mara moja, hicho kilichovimba kinaweza kupasuka na kutoka damu. Kikipasuka, siwezi kukuahidi kwamba sauti itarudi. Umenielewa?"

Kinanda alielewa. Alichokuwa anawaza ni kesho asubuhi.

Nje, Mama Vicheko alisimama kwenye kibanda cha duka, akanunua chupa ya maji, akainywa yote papo hapo huku amemkazia Kinanda macho. "Kesho," akasema akijifuta kidevu, "kuna watu watakunywa maji mpaka waelee."

*

Nyumbani, mumewe, fundi wa majokofu, alisoma cheti chini ya taa ya jikoni.

"Kwa hiyo kesho huendi."

Kinanda akaandika kwenye simu yake, akamwonyesha: *Naenda. Maneno machache tu. Wamenipandisha cheo.*

"Wamekupandisha kwenye nini? Mke wangu, mimi jokofu likinguruma nalizima kabla halijaungua. Mashine! Wewe unanguruma tangu mwaka jana na hakuna aliyekuzima."

*Bi Mkubwa ananitegemea.*

"Na sisi tunategemea nani?"

Kinanda aliiweka simu chini. Aliinuka kwenda kumlaza bintiye wa darasa la kwanza.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi kidogo. Mtoto alikuwa amejilaza kitandani na simu ya baba yake sikioni, amefumba macho. Kwenye spika ya simu ile Kinanda akajisikia mwenyewe: "Karibu. Tunakusikiliza. Tunakujali."

Mtoto akakata. Akapiga tena. "Karibu. Tunakusikiliza."

"Unafanya nini na simu yangu?" baba mtu akauliza kwa nyuma.

Binti akaruka. "Nampigia mama."

"Mama si huyu hapa?"

Mtoto akamtazama Kinanda, akatazama simu, akapima kama mtu anayechagua embe sokoni. "Huyu wa nyumbani haongei," akasema. "Akiongea anafoka. Yule wa kwenye simu hana hasira."

Fundi wa majokofu akaichukua simu yake taratibu. Na Kinanda, aliyekuwa na maneno yote ya dunia kifuani, hakuwa na hata moja mdomoni.

*

Asubuhi kwanza alimwekea Bi Mkubwa cheti mezani.

Bi Mkubwa alikisoma nusu. "Pole sana, mwanangu. Sana. Baada ya leo utapumzika mpaka uchoke kupumzika. Salamu yenyewe robo dakika! Kijiti umebeba? Twende."

Kwenye korido, Masikio aliwazuia njiani. "Bi Mkubwa, wageni wamefika, wako kwenye gari." Meneja akakimbia kuwapokea. Masikio akamsogelea Kinanda, mkono tumboni.

"Sikiliza haraka. Nina rafiki, anauza dawa. Kuna sindano, ukichomwa sauti inarudi kwa muda. Kisha... kisha tutaona."

Kinanda akamtumbulia macho.

"Usinitazame hivyo! Unadhani ni jana tu nimesikia? Sauti yako inakatika tangu mvua zilizopita. Simu zako mbovu nazifuta mimi. Kila jioni. Ungeshafukuzwa zamani." Akapangusa jasho. "Mkataba huu ukianguka, ninaanguka mimi, maana mimi ndiye niliyesema uko sawa. Kampuni hii niliipenda kama mke, unasikia? Siku hizi nikiliona tu jengo tumbo linakata. Vidonda. Daktari anasema niache mawazo. Niyaache wapi?"

Kwa mara ya kwanza Kinanda alimwona Masikio kama mtu, si kama taa ya kijani. Alimhurumia. Lakini akakumbuka kitanda, na mtoto aliyefumba macho, na simu sikioni.

Akatikisa kichwa. Hapana.

"Tumekwisha," Masikio akasema.

*

Chumba cha kurekodia kilikuwa kidogo, kina dirisha la kioo linalotazama ukumbi, na waya wake ulikwenda hadi kwenye spika za dari ukumbini, zile Bi Mkubwa anazotumia kila asubuhi kuwaamkia na kuwakaripia. Mteja mpya alikaa na suti yake. Fundi wake, kijana wa miwani, alikaa na kompyuta.

"Nyota wetu!" Bi Mkubwa akamsukuma Kinanda mbele ya kipaza sauti. "Anza, mwanangu."

Kinanda akasogea nyuma, akaonyesha koo, akafunga mdomo.

Mteja akatazama saa. Bi Mkubwa akageuka rangi mara tatu.

"Ana mafua kidogo..."

"Hamna shida," akasema yule fundi, bila kuinua macho. "Hatumhitaji aongee. Si mnazo simu zake za miaka yote? Mlinipa jana, nimeshailisha kompyuta. Sikilizeni."

Akabonyeza. Na kwenye chumba kile, huku midomo yake imefungwa, Kinanda akajisikia akisema: "Karibu hospitalini. Afya yako ndiyo furaha yetu. Tunakujali."

Sauti ya asali. Bila mkwaruzo. Maneno ambayo hajawahi kuyatamka maishani.

Bi Mkubwa alikaribia kulia kwa raha. "Haichoki?"

"Haichoki, haiugui, haiendi chooni," fundi akacheka. "Kimebaki kitu kimoja. Sheria inataka mwenye sauti atamke mwenyewe, turekodi: 'Nimekubali sauti yangu itumike.' Maneno manne tu, dada."

Wote wakamgeukia. Kinanda akatikisa kichwa, kwa nguvu, hadi hereni zikagongana.

"Kutikisa kichwa hakusikiki kwenye rekodi," akasema Bi Mkubwa, na tabasamu lake sasa lilikuwa na meno mengi. "Mwanangu, sisi ndio tuliokutengeneza. Hukusema hapana, mimi sijasikia hapana. Na wahenga walisema kimya ni ridhaa. Fundi, endelea."

Kinanda akatazama waya. Mweusi, umechomekwa nyuma ya kompyuta.

Akanyoosha mkono, akauchomoa.

Pu! Chumba kikafa.

"Umefanya nini?" Bi Mkubwa akapiga kelele. Lakini Kinanda alikuwa ameshafungua mlango, kijiti mkononi, anatoka. Akapiga hatua chache, akaganda.

Ukumbi mzima ulikuwa umesimama.

Viti vyote vitupu. Juu ya kila meza, chupa ya maji, tupu. Simu zinalia pande zote na hakuna anayezigusa. Wafanyakazi walikuwa wamejipanga mstari mmoja ulioanzia kwenye ule msumari mtupu mlangoni, ukazunguka meza, ukapinda, ukaishia nyuma kabisa kwenye makabati. Na wa kwanza mstarini, akirukaruka kwa mguu mmoja, chupa yenye maji kidogo mkononi, alikuwa Mama Vicheko.

"Hii ni nini?" Bi Mkubwa akatokea nyuma ya Kinanda. "Mmegoma?"

"Tugome kwani tuna wazimu?" Mama Vicheko akajibu. "Tunafuata utaratibu, Bi Mkubwa. Tumebanwa. Kijiti ni kimoja, anacho Kinanda. Tunamsubiri."

"Wote?"

"Wote tumekunywa maji."

"Nani kawaambia mnywe maji?"

"Daktari!"

Mstari mzima ukaangua kicheko, cha sauti za kukwaruza, koo moja moja, kama mlango wenye kutu. Bi Mkubwa akamtafuta Masikio kwa macho. "Wewe! Warudishe kwenye viti!"

Masikio alitazama mstari. Akatazama simu zinazolia. Kisha akatembea, mkono tumboni, akapita meza ya kwanza, ya pili, hadi nyuma kabisa kwenye makabati. Akasimama mwisho wa mstari.

"Wewe ni msimamizi!"

"Msimamizi naye ana kibofu," akasema Masikio.

Lo! Hata mteja mwenye suti aliziba mdomo asicheke. Bi Mkubwa hakucheka. Alimgeukia Kinanda na kunyoosha mkono.

"Rudisha kijiti kwenye msumari. Ukirudisha, yameisha, cheo chako kipo palepale. Ukitoka nacho nje, usirudi hapa, na sauti itabaki ni yetu."

Kinanda akakikaza kijiti mkononi. Akageuza uso kuelekea mlangoni, Mama Vicheko akampigia ukope. Hatua moja tu na angekuwa nje.

Hapo ndipo spika za dari zilipokwaruza.

Nyuma ya kioo, kijana wa miwani alikuwa amechomeka waya tena. Vidole vyake vilikuwa vinaandika. Na kutoka juu ya vichwa vyao, ukumbi mzima, ikashuka sauti wanayoijua kuliko za mama zao, tamu, tulivu, haina haraka:

"Nimekubali sauti yangu itumike. Wenzangu, rudini kazini. Tunawajali."

Kicheko kikakatika.

Wa mbele walimwona Kinanda midomo imefungwa. Lakini wa nyuma, waliokuwa kwenye makabati, hawakuona kitu. Walisikia tu. Mmoja akashusha mabega. "Kama Kinanda kakubali," akasema, "sisi ni nani?" Akarudi kitini, akavaa hedifoni. Wa pili akamfuata. Wa tatu.

"Si yeye!" Mama Vicheko akapiga kelele. "Ni kompyuta, jamani! Si yeye!" Sauti yake mwenyewe ikamkatikia hapo hapo, akashika koo.

Mstari ukaanza kumeguka kutoka nyuma. Masikio alisimama katikati ya watu wanaompita, akimtazama Kinanda kwa mbali, kama mtu anayeuliza swali.

Bi Mkubwa akatabasamu. "Unaona? Umeshasema."

Kinanda alichukua chupa mkononi mwa shoga yake, akanywa maji yaliyobaki, taratibu, hadi tone la mwisho. Akalikumbuka kila neno la daktari. Akamkumbuka binti yake aliyefumba macho.

Kisha akakishusha kijiti sakafuni, akatazama wa nyuma kabisa, akavuta pumzi, na akafungua mdomo.